Alifunga bwawa kwa ajili ya baridi, akawafungulia mbu!

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea na Ruangwa

MSOMAJI wangu, kama bado unadhani bwawa la kuogelea nyumbani ni mambo ya Masaki na Mbezi Beach tu, basi umepitwa na wakati. Wakati ule ukisema unakwenda Nachingwea, jamaa zako wa Dar walikuwa wanakuaga kama wewe unakwenda vitani. Siku hizi mambo yamegeuka. Korosho inalipa, na mwaka 2024 minada ya mwanzo wa msimu huko Kusini ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ruangwa nako kuna madini ya kinywe, kuna timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na ndiko alikotoka Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa mwaka 2015 hadi 2025. Mshiko ukishaingia, mtu anataka kuishi kisasa. Na kuishi kisasa, kwa baadhi ya vijana, ni kuwa na bwawa uani.

Mmoja wao ni mshkaji wangu wa siku nyingi. Jina lake nalihifadhi, maana soda zake bado nazihitaji. Jamaa anacheza na malori na magunia ya korosho. Alipopata chake akajenga nyumba pembeni ya mji wa Ruangwa, na nyuma ya nyumba akachimba bwawa. Si kubwa kama la hoteli: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Vigae vya buluu, taa mbili za pembeni, mwavuli na viti vya plastiki. Siku ya kulifungua alichinja mbuzi, muziki ukapigwa hadi majogoo. Bomba sana!

Lakini kila chenye raha kina karaha zake. Ilipoingia Juni, kipupwe nacho kikaingia.

KIPUPWE KIKAPIGA HODI

Wewe wa Dar unaweza kucheka ukisikia mtu wa Ruangwa analalamika baridi. Usicheke. Nachingwea iko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukishika kasi, usiku joto linashuka hadi nyuzi 16 au 17 hivi. Mchana jua linawaka kama kawaida, lakini maji ya bwawa hayapati nafasi ya kupata moto. Asubuhi ukitia mguu unautoa mbio kama umekanyaga siafu.

Basi watoto wa mshkaji wakagoma kuogelea. Mama watoto akasema yeye hajaolewa ili auawe kwa nimonia. Mshkaji mwenyewe alikuwa na safari ya kukaa Dar hadi Septemba, akisubiri msimu wa korosho. Akapiga hesabu ya umeme wa pampu, akapiga hesabu ya dawa, akaona huo ni upotevu. Akaamua kulifunga bwawa.

Sasa lifungwe vipi? Fundi aliyelijenga alikuwa ameshahama mji. Ndipo mshkaji alipomkumbuka binamu yake anayeishi Kanada, ambaye kila mwaka anafunga bwawa la nyumbani kwake kabla ya theluji. Akampigia simu.

"Kaka, nipe ujuzi."

"Hiyo kazi ndogo sana, mdogo wangu. Nakutumia hatua zote, wewe fuata tu."

Hatua zikaja kwenye simu, moja baada ya nyingine. Punguza maji hadi chini ya mdomo wa kuvutia maji. Kausha mabomba kwa kupuliza upepo. Ziba matundu kwa vizibo. Mwaga dawa ya kuzuia kuganda ndani ya mabomba. Zima pampu, ing'oe, iweke stoo. Tandika turubai juu. Nenda zako, rudi baada ya baridi kwisha.

Mshkaji akafuata kila neno. Dawa ya kuzuia maji kuganda hakuipata Ruangwa nzima, akaona asishindwe na jambo dogo: akanunua kulanti ya gari akaimimina kwenye mabomba. Turubai akachukua lile la buluu la kufunikia mzigo kwenye lori, lililokwishachoka kidogo. Akalifunga kwa kamba na mawe, akafunga geti, akapanda basi la Dar.

ALICHOKIKUTA SEPTEMBA

Alirudi wiki ya pili ya Septemba. Anasema harufu ilimpokea kabla ya mbwa wake. Upepo wa kusi ulikuwa umelichana turubai upande mmoja, nusu yake imezama, nusu inapepea. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, mazito kama mlenda. Ukiinama unaona vitu vidogo vinacheza, vinapanda na kushuka, maelfu kwa maelfu. Viluwiluwi vya mbu. Jioni ilipoingia, mbu walitoka kwenye lile tundu la turubai kama moshi.

Hakuwa amemaliza hata kushusha mabegi, bibi wa nyumba ya jirani akaja kubisha hodi. Ni bibi wa makamo ya heshima, hajawahi kumpandishia mtu sauti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umerudi salama?"

"Salama bibi. Za hapa?"

"Za hapa si nzuri, mjukuu wangu. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka hadi pale uzio wa miti ulipokuwa umelegea. Mwezi Agosti, kitukuu chake wa miaka minne alipita pale akifuata mpira. Akaona turubai limetandikwa kama jamvi, akapanda. Turubai likabonyea, likamkunja kama sambusa. Aliyemwokoa ni fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, aliyesikia watoto wenzake wakipiga kelele. Yule mtoto alikohoa maji hadi jioni, lakini yu hai.

"Homa nazo hazikutuacha," bibi akaendelea. "Nyumba hii imeugua, ile imeugua. Mimi sijui kama ni mbu wako au ni wa mtu mwingine. Mbu hana kitambulisho. Ila wewe ulikwenda zako Dar, ukatuachia sisi maji yako."

Mshkaji anasema angetukanwa, ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kile kiti chake cha plastiki, mwavuli umemfunika, akashindwa hata kula.

KANADA NI KANADA, RUANGWA NI RUANGWA

Msomaji wangu, binamu hakukosea. Kila alichosema ni kweli tupu, ila ni kweli ya Kanada. Hebu tuangalie hatua moja moja.

Wenzetu wanapunguza maji na kukausha mabomba kwa sababu maji yakiganda yanatanuka. Lita 100 za maji zikigeuka barafu zinataka nafasi ya kama lita 109. Bomba la plastiki haliwezi kuvumilia hilo, linapasuka. Pampu nayo inapasuka. Kwa hiyo anayefunga bwawa Kanada anapigana na barafu, na ndiyo maana anatia ile dawa ndani ya mabomba.

Sisi hatuna barafu hata ya dawa, ukiacha ile ya kwenye friji. Kwa hiyo kila alichofanya mshkaji dhidi ya barafu kilikuwa ni kupigana na adui ambaye hayupo. Na ile kulanti ya gari ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwani nyingi ya kulanti hizo ni sumu, na sumu yenyewe ina ladha tamu. Mbwa akilamba anakufa, na mtoto akinywa figo zinaharibika. Hata wenyewe Kanada hawatii ya gari, wanatia ya aina nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya mabwawa.

Sasa sikiliza siri kubwa. Kule Kanada, bwawa likishafungwa, baridi yenyewe ndiyo mlinzi. Maji yanakaribia kuganda, mwani hauoti, mbu hatagi. Mwenye bwawa anaweza kulala miezi sita. Huku kwetu kipupwe hakiui kitu. Maji ya nyuzi 20 na ushei, kwa mwanadamu ni baridi ya kutetemeka, kwa mbu ni kitanda na shuka. Mbu jike wa malaria hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, na kwenye maji yenye joto la kawaida huchukua kama siku 10 hadi 14 yai kuwa mbu anayeruka. Maji yakipoa kidogo anachelewa siku kadhaa, basi. Ukimwachia miezi mitatu, piga hesabu mwenyewe atakuwa amepata vizazi vingapi. Na tukumbuke kwamba Lindi na Mtwara ni katika mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Kwa kifupi, mtu wa Kanada anafunga bwawa, mtu wa Nachingwea analipumzisha tu. Bwawa la huku halifungwi ukaliacha bila mtu.

WALIOKUJA NA KITABU KABLA YAKE

Mshkaji asijione mjinga peke yake. Kwenye ardhi hii hii ya Nachingwea wamewahi kuanguka wakubwa kuliko yeye, tena wenye fedha za serikali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, sehemu tatu: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Wakaleta matrekta, wakageuza hata vifaru vya vita vikawa mashine za kung'olea visiki. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, ikajengwa na bandari ya Mtwara.

Kitu kimoja hawakukifanya kwa makini: kuiuliza ardhi yenyewe na mvua zake. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikashindwa kung'oka. Mvua nazo zilikuja zinapotaka zenyewe. Ilipofika Januari 1951 mradi ukaachwa, na Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ikafungwa miaka ya mwanzo ya 1960 na mataruma yakang'olewa. Ilichobaki ni bandari, na hadithi.

Unaona mambo hayo? Wale walikuja na kitabu cha kwao wakalima huku. Mshkaji akachukua kitabu cha huko huko akafunga bwawa huku. Tofauti ni kwamba wale walipoteza karanga, na huyu alikuwa karibu kupoteza mtoto wa watu.

SASA LIPUMZISHWE VIPI?

Haya, kalamu na karatasi. Hata kama huna bwawa leo, huenda kesho unalo, au umeajiriwa kulinda la bosi. Nimezungumza na mafundi, nimepiga na hesabu mwenyewe kwa bwawa lenye ukubwa kama wa mshkaji.

Kwanza, usimwage maji. Bwawa lile linabeba lita 48,000. Hayo ni madumu 2,400 ya lita 20, katika wilaya ambazo watu wake wanajua vizuri maana ya kuamka usiku kufuata maji. Ukiyamwaga Juni, utayatafuta wapi Septemba, wakati kiangazi ndiyo kinakomaa? Tena bwawa tupu lina hatari zake. Maji ya ndani ndiyo yanayosukumana na udongo wa nje. Ukiyatoa, kuta zinabaki zinasukumwa upande mmoja, vigae vinapigwa jua na kupasuka. Na mvua za Novemba na Desemba zikikukuta bwawa liko tupu, maji ya ardhini yanaweza kulisukuma kutoka chini hadi sakafu ikapasuka. Halafu shimo la saruji la mita mbili, mtoto akitumbukia, haangukii maji, anaangukia sakafu.

Pili, lisafishe kabla ya kulifunika. Toa majani yote ya miembe na mikorosho, sugua kuta kwa brashi, vuta uchafu wa chini. Uchafu unakula dawa. Ukifunika uchafu, umeuwekea blanketi.

Tatu, weka dawa kwa kipimo. Nunua kile kipimo cha rangi, si ghali. Kipimo cha uchachu wa maji, kile kinachoandikwa pH, kiwe kati ya 7.2 na 7.6. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Kabla ya kulipumzisha, lipige dozi moja kubwa jioni, jua likishazama, kwa sababu jua linaiunguza klorini mchana. Kwa lita 48,000, ukitumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, gramu 740 hivi zinatosha kufikisha miligramu 10 kwa lita. Acha pampu izungushe usiku kucha, na mtu asiingie mpaka kipimo kishuke chini ya 3.

Hapo hapo nikuonye. Unga unatiwa kwenye ndoo ya plastiki iliyojaa maji. Kamwe usimimine maji juu ya unga. Na usichanganye klorini ya aina moja na ya aina nyingine, wala klorini na asidi, hata kwa kutumia kopo moja lililobaki na vumbi. Inaweza kuwaka moto, au kutoa hewa ya sumu inayoziba kifua. Hii si stori ya kijiweni, watu wameshaumia.

Nne, pampu isizimwe kabisa. Najua LUKU inauma. Lakini fikiria: pampu ya kilowati 0.75 ukiiendesha saa 8 kwa siku inakula yuniti 6. Kipindi cha baridi saa 3 zinatosha, ni yuniti 2 na robo tu. Maji yanayotembea mbu hayapendi, na dawa inafika kila kona.

Tano, funika sawasawa. Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Kifuniko kiwe kizito na kisichopitisha mwanga, kwa sababu mwani hauoti gizani. Kikazwe pande zote kwa vyuma vilivyofungwa kwenye saruji, si kwa mawe na kamba za katani. Kisibonyee, na maji yakituama juu yake yafagiliwe siku hiyo hiyo, la sivyo umewajengea mbu ghorofa ya pili. Kifuniko kizuri kinaokoa maji pia. Kiangazi bwawa la wazi linaweza kupoteza milimita 5 kwa siku kwa jua na upepo. Kwa bwawa hilo ni lita 160, yaani madumu 8 kila siku. Kwa siku 90 ni madumu 720! Ukilifunika vizuri, sehemu kubwa ya hayo unaikuta.

Sita, uzio. Kifuniko chochote kinachoelea, liwe turubai au plastiki yenye mapovu, si kinga ya mtoto. Ni mtego. Mtoto akikanyaga anazama na kinamfunika juu, wala hamuoni kwamba kuna mtu. Jenga uzio wa kulizunguka bwawa lenyewe, si wa kuzunguka kiwanja tu, usiopungua mita 1 na sentimita 20, wenye geti linalojifunga lenyewe na komeo la juu. Ndani ya uzio ning'iniza mti mrefu na kamba ya kuokolea. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wale wa umri wa kitukuu cha bibi.

Saba, na hii ndiyo mama wa yote: acha mtu. Siyo mtu wa kulala getini, bali mtu anayejua kazi, anayelipwa, mwenye namba yako ya simu. Kila wiki afanye jambo moja rahisi. Achote maji ya pembeni kwa bakuli jeupe, asubiri dakika moja, aangalie. Akiona vitu vinavyojinyonganyonga, hao ndio wenyewe. Maofisa wa afya wanatumia njia hiyo hiyo kutafuta viluwiluwi kwenye madimbwi.

Akiwaona afanyeje? Aongeze klorini, aongeze saa za pampu. Na kama bwawa limeshaharibika, ipo dawa ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa hapa hapa nchini, kwenye kiwanda cha Kibaha kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa msaada wa utaalamu wa Cuba. Ni dawa ya bakteria, inaua viluwiluwi vya mbu. Fuata maelekezo ya kwenye chupa, na muulize bwana afya wa wilaya yako.

NA KAMA HELA IMEKATA?

Tuseme ukweli, mambo yanaweza kugeuka. Bei ya korosho inapanda na kushuka kama homa. Mwaka huu una bwawa, mwakani huna hata hela ya LUKU. Sasa utalifanyaje?

Usilitelekeze. Badala yake libadilishe kazi. Acha klorini ijiishie yenyewe kwa wiki mbili tatu juani, pima uhakikishe imefika sifuri, kisha weka samaki. Kule Kisii, Kenya, watafiti waliweka sato kwenye mabwawa ya samaki yaliyokuwa yametelekezwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Samaki wanashiba, mbu wanakwisha, na wewe unapata kitoweo. Ubishoo umepungua, lakini heshima iko palepale. Ila uzio usiondoe.

MSHKAJI SASA

Nilipomtembelea tena kipupwe kilichofuata, sikumtambua. Zile kulanti alizisafisha kwa kuvuta maji ya mabomba kwenye mapipa, akayafunga na kuyahifadhi mbali na watoto na mifugo. Uzio wa nondo umesimama, geti linajifunga lenyewe. Kifuniko cheusi kimekazwa mpaka unaweza kukipiga kama ngoma. Na mtu wa kuangalia bwawa amempata karibu sana. Ni yule yule fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Kila Jumamosi asubuhi anaingia na bakuli lake jeupe, anachota, anaangalia, anapiga simu Dar. Anaendesha pampu, anafagia, analipwa mwisho wa mwezi. Gharama yake, mshkaji anasema, haifiki nusu ya alichotumia Septemba ile kununua dawa, kubadili mchanga wa chujio na kusugua vigae vilivyoota ukoga.

Binamu wa Kanada alipoelezwa yaliyotokea alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Mdogo wangu, nilisahau kama huko maji hayagandi." Miaka yake kule ilikuwa imemsahaulisha.

Na bibi? Niliingia kumsalimia. Nikamkuta barazani anachambua mboga, kile kitukuu kinamzunguka na mpira. Nikamuuliza kama bado ana kinyongo na jirani yake.

"Kinyongo cha nini, mwanangu? Kijana kajenga, sisi tunafurahi. Kisima chake kikiwa na mlango na mwangalizi, mimi nalala."

Kisha akanyanyua kichwa akanitazama.

"Ila mwambie. Mwaka huu akienda Dar, apite kwanza aniage."

Mshkaji anasema siku hizi anapita kuaga, na bibi anamuuliza swali lile lile kila mara: nani kabaki na maji?

Haya msomaji, kama kwako kuna bwawa, pipa, tangi au hata shimo la matofali lisilofunikwa, nyanyuka sasa hivi ukatazame. Bakuli jeupe, dakika moja. Wiki ijayo tutaangalia mambo mengine ya nyumbani. Lala ndani ya chandarua!